Namba Iliyokataa Kugawanyika

Tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Milanzi, Tanzania, mifumo ya zamani ya kompyuta inayohesabu sekunde tangu mwaka 1970 uanze itafika 2,147,483,647 na kuishiwa nafasi. Mafundi wa kompyuta wanaihofia namba hiyo. Mimi naisifu, na zaidi namsifu aliyeithibitisha kuwa namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Namba yenyewe hupatikana kwa kuzidisha 2 thelathini na moja, kisha kutoa 1. Mwanahisabati Leonhard Euler alitangaza uthibitisho wake mwaka 1772, akiwa karibu kipofu. Asiye fundi angeijaribu kwa kila namba tasa hadi kipeuo chake cha pili, kidogo zaidi ya 46,340. Hizo ni zaidi ya 4,700. Euler alitanguliza fikra: kigawanyo chochote kilicho tasa, kama kipo, sharti kibakize 1 au 63 kikigawanywa kwa 248. Kwa sharti hilo pekee, vya kujaribiwa vikabaki chini ya 400. Na ukiondoa visivyo tasa, hupungua mno.

Wafua chuma wa zamani wa Ufipa, huko huko Tanzania, wangemwelewa. Tanuri lao refu la udongo, ilungu, lilivuta upepo lenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo kikayeyushwa tena katika tanuri dogo lenye mivukuto. Jasho la mivukuto halikumwagwa juu ya mawe yote. Lilingoja moto wa kwanza uchambue. Hapo ndipo ninapouona ufundi: mkono hufanya kazi pale tu akili ilipokwisha kufyeka njia.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba kamilifu (iliyo sawa na jumla ya vigawanyo vyake vidogo) inayojengwa juu ya namba tasa hiyo huenda ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopatikana, maana namba za aina hiyo ni za kustaajabisha tu, hazina faida. Alikosea, kwa kuwa namba tasa kubwa zaidi za aina hiyo hiyo zilipatikana. Édouard Lucas alithibitisha yenye tarakimu 39 mwaka 1876, na mwaka 2024 Luke Durant alipata yenye tarakimu 41,024,320. Namba tasa nazo zilikuja kuwa na faida: tangu 1977, namba tasa kubwa zimekuwa msingi wa njia mojawapo mashuhuri ya kufunga siri za mawasiliano.

Lakini sifa kuu ya ufundi huu ni kwamba haumwombi mtu aamini. Kigawanyo cha kwanza cha kujaribiwa ni 311. Mwanafunzi wa Milanzi mwenye penseli na subira atapata jawabu 6,905,092, baki 35. Na Euler mwenyewe asingeweza kupata baki nyingine. Kinachofuata ni 1,303.