Gia Moja ya Kwenda Shule

Baiskeli ililetwa asubuhi, imefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Ilikuwa ya mashindano, fremu ya chuma, mtumba kutoka Ulaya, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Gia tano nyuma, mbili mbele, na cheni ilirukaruka kila ukikanyaga. Mwenyewe ni mwalimu. Anataka imfikishe shule kila siku kwenye barabara za udongo za Iyolwa, wilayani Tororo. Fundi aliizunguka mara mbili chini ya mwembe kabla hajashika spana.

"Tutaiachia gia moja, mwalimu."

"Na mlima, fundi?"

"Mlima utaupanda. Tutachagua meno vizuri."

Watu wa upande huu hawahitaji kufundishwa gia moja. Pale Busia, katika miaka ya 1960, vijana walianza kubeba abiria kwa baiskeli kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na cha Uganda, na jina la bodaboda likazaliwa hapo. Walitumia baiskeli nzito nyeusi, zile ambazo Wakenya wanaziita Black Mamba: gia moja, keria imara, basi.

Kung'oa ni kazi ya dakika chache. Nyaya za gia zikatoka, kisha kile kikono cha nyuma chenye vigurudumu viwili, kisha friwili ya gia tano, ambayo kwa bahati ilikuwa ya kufungwa kwa hesi; mahali pake ikaingia friwili ya gia moja, meno 18. Mbele alibakiza gia ya meno 42. Kwa hesabu hiyo, pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara mbili na theluthi, baiskeli inasogea karibu mita 5. Mwalimu mwenye mkoba wa madaftari anaweza kuuzungusha mzigo huo bila kusimama kwenye pedali kila penye mwinuko.

Kilichonikalisha pale hadi alasiri ni kilichofuata. Friwili mpya ilikaa pembeni kidogo ya mstari wa gia ya mbele, labda kwa upana wa kucha. Gia zikiwa nyingi, cheni huzoea kwenda mshazari. Ikiwa moja, mshazari huo hula meno, na siku moja cheni itachomoka katikati ya mteremko. Fundi akafungua ekseli, akatoa washa mbili upande mmoja akazihamishia wa pili. Friwili ikaingia kwenye mstari. Lakini sasa rimu ilikuwa imehama kutoka katikati ya fremu, ikikaribia kugusa chuma.

Hapo ndipo nilipomheshimu. Alilegeza spoku za upande mmoja robo mzunguko, akakaza za upande wa pili robo mzunguko, akazungusha gurudumu, akaweka kucha ya kidole gumba kwenye fremu iwe kipimo, akarudia. Spoku 36, raundi baada ya raundi. Aliyeharakisha angekaza nusu mzunguko mara moja, na rimu ingecheza kama sufuria iliyopondeka. Yeye alizigonga spoku kwa spana akisikiliza mlio. Iliyolia chini kuliko nyingine aliirudia.

Cheni aliikata mwishoni. Hakuna tena kikono cha kuivuta, kwa hiyo ukazaji wote unatokana na kurudisha gurudumu nyuma kwenye mpasuko wa fremu. Akazungusha pedali polepole akitafuta mahali cheni inapokaza kuliko pengine, kwani gia ya mbele haiwi duara kamili, na hapo akaacha ipande na kushuka kama sentimita moja. Tairi nene kidogo, usukani mnyoofu kutoka baiskeli iliyokufa, keria.

Mwalimu akapanda, akaelekea barabarani. Fundi hakumtazama. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, akasikiliza hadi sauti ikafika kwenye kona. Kisha akapiga mluzi wa kumrudisha, akaokota spana namba 15, akaigusa nati ya kushoto mara moja tu.

"Sasa nenda, mwalimu."