Masikio Mawili ya Maikrofoni



Nimepata kusikiliza rekodi ya kaswida iliyofanywa Makuyuni, wilayani Korogwe, na leo napenda tuipime pamoja. Kiongozi anasikika wazi, kila herufi imekaa mahali pake. Madufu yaliyo karibu naye yanalia vizuri. Lakini kila wanapopokea waitikiaji, nusu yao husikika kana kwamba wamo kisimani. Nusu hiyo ni ya wazee. Waliosikiliza wakahukumu palepale: wazee wamekwisha sauti, safari nyingine wakae pembeni, waitikie vijana.

Hukumu hiyo sikubaliani nayo, nami nitakueleza kwa nini.

Maikrofoni iliyotumika ni ya studio, nayo ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Ina swichi ya kuchagua namna ya kusikia. Ukiiweka kwenye alama ya duara, husikia pande zote. Ukiiweka kwenye alama ya moyo, husikia mbele na kuupa kisogo upande wa nyuma. Ukiiweka kwenye alama iliyo mfano wa 8, husikia mbele na nyuma, ikawaacha walio ubavuni. Wala si jambo jipya: kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilitoa U 47 yenye namna mbili mwaka 1949, na U 87 yenye namna zote tatu mwaka 1967.

Ndani ya kichwa chake mna ngozi mbili nyembamba mno, zimepeana migongo. Katika nyingi za aina hii, kwenye alama ya moyo ngozi ya mbele hufanya kazi peke yake. Kwenye duara hufanya zote mbili. Basi ngozi ya nyuma ikifa kwa unyevu, vumbi au uzee, ile ya mbele huendelea kusikia kama kawaida. Mnunuzi akiijaribu kwenye alama ya moyo tu, atasema maneno mawili, ataisikia sauti yake, atafurahi na kulipa.

Ndivyo ilivyokuwa. Waimbaji waliizunguka, swichi ikiwa kwenye duara, na wazee wakaangukia upande uliokufa. Baadaye mtu mmoja akaigeuza, uso wake ukawaelekea wao. Zikatoka sauti nzito, zilizojaa, zenye pumzi ndefu ambayo vijana hawajaifikia. Kumbe wazee hawakuwa wamekwisha. Chombo ndicho kilichokuwa kiziwi.

Hapa pana makosa matatu. La kwanza ni la muuzaji, iwapo alijua akanyamaza. Tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) na mfanyabiashara aliyeficha nafaka mbichi chini ya kavu. La pili ni la mnunuzi aliyekagua upande mmoja. La tatu, nalo ndilo kubwa, ni letu sisi wasikilizaji. Wengi wetu tulikuwapo uani siku ile, tukawasikia wazee kwa masikio yetu wenyewe. Lakini rekodi iliposema vingine, tukaisadiki rekodi.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, akarekodiwa katika sahani za santuri, na kwa hiyo sauti yake tunaisikia hata leo. Je, wale wa zama zake ambao hawakufika mbele ya chombo, tuseme hawakuwa na sauti? Kadhi hahukumu kwa kumsikiliza mdai peke yake. Mbona sisi twahukumu kwa sikio moja la chuma?

Basi, msomaji, ukitaka kununua chombo hiki, kipe umeme wake, ambao kwa vilivyo vingi ni volti 48. Kiweke kwenye duara, sema mbele yake, kisha zunguka useme nyuma yake. Pitia kila alama. Ukishakinunua, kihifadhi pakavu. Msomaji mmoja wa Qur'ani alama ya moyo humtosha. Kaswida ni ya kupokezana, nayo yataka masikio yote mawili yaliyo hai.

Na wale wazee wa Makuyuni warejeshwe mahali pao, tena waombwe radhi, kabla hatujabaki na rekodi peke yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie masikio yenye uadilifu. Amin.