Siku Ihesabiwayo Kutoka Mwisho

Katika siku ya mkulima mdogo wa chai wa Nyamira au Kisii mna saa moja asiyoweza kuisogeza, nayo ni saa ya lori la kiwanda kupita kituo cha kununulia majani. Kwani jani lililochumwa, likishindiliwa guniani, hupata joto na kuanza kuwa jekundu kabla halijafika kiwanda cha Kebirigo au cha Kiamokama, na karani wa mizani, ambaye kanuni yake ni majani mawili na chipukizi, ana haki ya kulikataa. Kwa sababu hiyo walio hodari katika kazi hii huanza na lori, kisha hurudi nyuma: hutoa muda wa foleni, muda wa kuchambua majani magumu na mwendo wa kupanda kilima na mzigo, na saa zinazosalia ndizo za kuchuma. Nasaha ya kuamka mapema, ambayo twaisikia kila mahali, humfaa kidogo sana asiyeijua hesabu hii.

Maarifa makubwa zaidi yamo katika kuligawa shamba. Wakati wa mvua mchai huwa tayari kuchumwa tena baada ya siku 7 hadi 10. Ekari iliyopandwa kwa nafasi ya futi 5 kwa 2½ ina michai ipatayo 3,500. Mwenye kuichuma yote kwa mkupuo hana budi kusaka vibarua kwa ghafla, na aghalabu majani mengine hukomaa kabla hajayafikia, ilhali aliyeikata mafungu 7, ikiwa lori lapita kila siku, hukabili michai 500 tu kila asubuhi, na amalizapo fungu la mwisho lile la kwanza limekwisha chipua. Kiangazi mzunguko ukifika siku 14, siku zilizopatikana huenda kwenye palizi na migomba.

Kwa kazi izidiyo nguvu za nyumba moja, Abagusii, wenyeji wa Nyamira na Kisii, walikuwa na taratibu mbili kabla ya chai: risaga, wito wa majirani wengi waliokirimiwa pombe, na egesangio, kikundi kidogo kilimacho kwa zamu shamba la kila mwenzao. Hii ya pili ndiyo niionayo kuwa bora kwa upogoaji, ufanywao kila baada ya miaka 3 au 4, maadamu kila mwanachama atatoa sehemu moja tu ya shamba lake kwa mwaka, zilizobaki ziendelee kumpatia majani ya kupeleka kituoni.