Neno «Fujo» na Shimo Jeusi: Tazamo juu ya Sura Moja ya Hawking

Kitabu cha Stephen Hawking, A Brief History of Time (1988), ambacho kwa Kifaransa huitwa Une brève histoire du temps, husifiwa kwa wepesi wa lugha yake. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini katika sura ya mshale wa wakati wepesi huo una gharama.

Humo entropia inaelezwa kuwa ni ukosefu wa mpango, yaani fujo. Kikombe kikianguka kutoka mezani huvunjika, wala vipande havijiungi tena. Kisha mwandishi anakiri kwamba alikosea kudhani fujo itapungua ulimwengu utakaposinyaa; Don Page na Raymond Laflamme walimwonyesha kuwa itazidi tu, na ni vivyo hivyo ndani ya mashimo meusi. Ungamo hilo ni la kupendeza, na ni nadra kwa wataalamu.

Ila kwa nini izidi? Hawking asema tu kwamba ulimwengu ulianza ukiwa laini na wenye mpango, baadaye ukawa wa mabonge na fujo. Msomaji wa kikombe hushangaa. Afagiaye uwanja na kukusanya makapi lundo moja huondoa fujo! Je, wingu la gesi linaloporomoka kuwa nyota, na nyota nzito inayoporomoka kuwa shimo jeusi, si zinajipanga? La. Penye kutawala uvutano, kutawanyika sawasawa ndiko hali adimu. Roger Penrose alilifafanua jambo hilo kwa subira katika The Emperor's New Mind (1989). Lau jua letu lingegeuzwa shimo jeusi (halitageuka, uzito wake hautoshi), entropia yake, kwa kipimo cha Boltzmann, ingepanda kutoka kadiri ya 10⁵⁸ hadi 10⁷⁷.

Sisi tunaotafuta istilahi za Kiswahili tusiurithi udhaifu huo. «Fujo» kwetu ni pia kelele na ugomvi. Litapotosha zaidi kuliko désordre. Heri kuliacha neno entropia, na kulifasiri kuwa ni wingi wa namna ambazo vitu vya ndani vyaweza kupangika bila hali ya nje kubadilika. Fasiri hiyo ni ndefu, tena haina ladha. Hata hivyo yalifaa shimo jeusi barabara: kwa nje, nadharia ya Einstein hulijua kwa uzito, mzunguko na chaji ya umeme tu, na yote mengine yaliyoangukia humo yamefichika.