Mchagua jembe si mkulima, lakini asiye na jembe je?

Mwaka jana tuliitwa kwenye semina ya siku moja kazini. Chai, maandazi, projekta, na mkufunzi mmoja mchangamfu kweli kweli. Mada ilikuwa kubadili fikra ili tuwe wabunifu zaidi, tufanye kazi zaidi na tusichoke haraka. Hadi saa sita mchana nilikuwa naifurahia. Ndipo fundi sanifu wa maabara yetu, dada ambaye sote tunamtegemea, akanyoosha mkono.

"Kaka, nimekuelewa. Ila friza ya sampuli imekufa, huu mwezi wa nne sasa. Nimeandika barua tatu, sijajibiwa. Hapo nibadili fikra gani?"

Mkufunzi akatabasamu. "Unaona, dada yangu? Huo ndio mtazamo mgando. Mchagua jembe si mkulima."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, ndiyo maana leo naandika.

Nyuma ya semina ile kulikuwa na kitabu: Mindset cha Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, kilichotoka mwaka 2006. Tangu siku ile nimekisoma mara mbili. Hoja yake si ngumu. Wapo watu wanaoamini kwamba akili na kipaji ni vitu ulivyozaliwa navyo, haviongezeki. Huo ni mtazamo mgando. Wapo wanaoamini uwezo hukua ukijituma, ukibadili mbinu na ukipata msaada. Huo ni mtazamo wa ukuaji. Wa kwanza huogopa kukosea kwa sababu kosa linawaumbua. Wa pili hulichukulia kosa kama somo.

Niseme wazi: wazo hili halikutoka hewani. Mwaka 1998 Dweck na Claudia Mueller walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la 5 Marekani. Watoto walipewa mafumbo, wakafanya vizuri. Baadhi wakasifiwa kwa kuambiwa wana akili, wengine kwa kuambiwa wamejitahidi. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa. Waliosifiwa akili walikata tamaa mapema, na walipopewa tena mafumbo yenye ugumu kama wa yale ya mwanzo walifanya vibaya kuliko wenzao. Mzazi au mwalimu yeyote ana cha kujifunza hapo. Hata wahenga walishalisema: mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Sasa shida iko wapi? Kwangu ziko tatu.

Ya kwanza ni ukubwa wa matokeo. Mwaka 2018 Victoria Sisk na wenzake walikusanya tafiti nyingi za mtazamo huu na kuzipima kwa pamoja. Uhusiano kati ya mtazamo wa mwanafunzi na ufaulu wake ulikuwa 0.10, yaani mtazamo unaeleza kama asilimia 1 tu ya tofauti za ufaulu. Mafunzo ya kubadili mtazamo nayo yalileta nyongeza ya wastani ya 0.08 kwa kipimo cha kitakwimu. Kwa lugha ya kawaida, chukua mwanafunzi mmoja aliyepata mafunzo na mwingine ambaye hakupata, bila kuchagua. Uwezekano kwamba aliyefunzwa ndiye kafaulu zaidi ni kama 52 kwa 100. Ukirusha sarafu ni 50. Hii si sifuri, lakini si muujiza wa kuandikwa kwenye bango.

Ya pili ni mahali. Sehemu kubwa ya ushahidi imetoka kwa wanafunzi madarasani, wala si kwa watu wazima wenye bosi, mshahara na friza mbovu. Kitabu kina sura nzima ya biashara, lakini hapo Dweck anategemea sana hadithi za wakuu wa makampuni. Mmoja anayemsifu ni Jack Welch wa General Electric. Huyu huyu alijulikana kwa utaratibu wa kuwaondoa kila mwaka wafanyakazi wa asilimia 10 ya chini. Sasa kama kweli unaamini kila mtu anaweza kukua, mbona unamfukuza kabla hajakua? Kitabu hakilijibu swali hilo vya kutosha. Unapochagua mfano wako baada ya kujua nani alishinda, karibu fikra yoyote inaweza kuonekana kuwa ndiyo siri ya ushindi.

Ya tatu ndiyo inayoniuma: mtazamo umegeuzwa fimbo. Ukishaamini kwamba kila tatizo la kazi linaanzia kichwani mwa mfanyakazi, hutahangaika tena kukarabati chochote nje ya kichwa hicho.

Kumbe ushahidi bora wa nadharia hii yenyewe unasema kinyume. Mwaka 2019 David Yeager, Dweck na wenzao walitoa kwenye jarida la Nature utafiti wa wanafunzi zaidi ya 12,000 wa sekondari za umma Marekani. Somo fupi la mtandaoni, lisilofika hata saa moja, liliwapandishia wastani wa alama wanafunzi waliokuwa chini, kiasi cha pointi 0.10. Kwa somo rahisi namna hiyo, ni jambo la maana. Ila lilifanya kazi zaidi kwenye shule ambazo wanafunzi wenyewe walikuwa na utamaduni wa kupenda changamoto. Yaani mbegu ile ile, kwenye udongo tofauti, ilitoa mavuno tofauti. Dweck mwenyewe alishaandika mwaka 2015 akilalamika kwamba watu wameugeuza mtazamo wa ukuaji kuwa kusifia juhudi tu, au kisingizio cha kumlaumu mwanafunzi. Semina yetu haikufika huko.

Na tukija kwenye afya za watu kazini, tuna ushahidi wa muda mrefu kuhusu udongo. Mwaka 1979 Robert Karasek alionyesha kwamba kinachomchosha mtu hasa ni mzigo mkubwa ukichanganyika na kukosa uamuzi juu ya kazi yako. Utafiti wa Whitehall II, ulioanza mwaka 1985 kwa watumishi wa serikali 10,308 mjini London, ulikuta kwamba wenye udhibiti mdogo juu ya kazi zao walipata zaidi magonjwa ya moyo. Mwaka 2024 William Fleming alichambua taarifa za wafanyakazi 46,336 wa Uingereza. Waliohudhuria mafunzo ya ustahimilivu, kudhibiti msongo na kadhalika hawakuonekana kuwa na hali bora kuliko wasiohudhuria. Tahadhari: aliwapima wakati mmoja tu, kwa hiyo huenda waliohudhuria walianza wakiwa wamechoka zaidi. Hata hivyo, kama mafunzo hayo yangekuwa dawa kali, tungetarajia kuona dalili.

Turudi kwa yule dada. Baada ya semina hakuandika barua ya nne. Alinyamaza. Wiki chache baadaye friza ya pili, tuliyokuwa tumeijaza kupita kiasi, nayo ikazima usiku. Sampuli zangu za miezi mitano zikaenda na maji. Nilipomuuliza kama hakuwa ameona dalili, aliniambia, "Niliona, mdogo wangu. Lakini si mlinicheka?"

Sikuwa na jibu. Yeye ndiye aliyekuwa na huo mtazamo wa ukuaji: aliona kosa, akalisema, akapendekeza suluhisho mara tatu. Sisi wengine ndio tulioganda.

Kwa hiyo kisomeni kitabu, kina mambo mazuri, hasa kama unalea au unafundisha. Mwanafunzi wako akikosea, usimwambie hana kichwa. Ila ukiwa kiongozi, kabla hujamlipa mkufunzi wa fikra, pitia kwanza barua za maombi zilizo mezani kwako. Na ile methali ya jembe, tuisome vizuri. Inamsema mtu mwenye majembe mbele yake anayekataa hili na lile. Asiye na jembe hajachagua kitu. Huyo anaomba vifaa vya kazi.