Ripoti ya maabara hujengwa kwenye jedwali

Biharamulo kuna dhahabu ya Tulawaka, Ngara kuna nikeli ya Kabanga. Thamani ya mawe hayo haisomeki kwa macho. Hujulikana pale mkemia anapopima sampuli na kuandika ripoti ambayo mwenzake anaweza kuirudia na kuihakiki. Mwanafunzi wa kidato cha nne wa wilaya hizi huanza kujifunza kazi hiyo kwenye bureti. Tuchambue ripoti moja ya titresheni, tuone inasimama wapi na inaharibikia wapi.

Lengo ni kujua ukolezi wa asidi ya hidrokloriki. Mwanafunzi anayeyusha gramu 5.3 za sodiamu kaboneti kavu hadi myeyusho utimie lita moja, yaani moli 0.05 kwa lita. Anachota sentimita za ujazo 25 kwa pipeti, anatia matone mawili ya methili oranji, kisha anafungulia asidi taratibu kutoka kwenye bureti mpaka rangi ya manjano igeuke ya chungwa.

Tuseme amesoma sentimita za ujazo 26.00 za asidi kwenye kipimo cha kwanza, yaani pailoti, halafu 24.90, 25.00 na 25.10. Pailoti ni ya kukadiria tu mahali rangi inapogeukia, ndiyo maana haiingii kwenye wastani. Vipimo vitatu vilivyobaki vinatoa 25.00. Moli moja ya kaboneti hula moli mbili za asidi. Hivyo moli 0.00125 zilizo kwenye chupa zimekula moli 0.0025, na ukolezi wa asidi ni moli 0.100 kwa lita. Akiichanganya pailoti, wastani unapanda hadi 25.25 na jibu linashuka hadi 0.099. Hesabu haina kosa hata moja, lakini jibu limepotoka kwa sababu ya uamuzi uliofanyika kwenye jedwali.

Hata sifuri ya mwisho ina kazi. Anayeandika 24.9 badala ya 24.90 anamwambia msomaji kwamba hakuisoma bureti kwa usahihi inaouruhusu.

Kosa zito zaidi ni kupika namba. Mwanafunzi anakokotoa kwanza jibu linalotarajiwa, kisha anajaza 25.00 mara tatu. Jedwali linapendeza, ila halina ushahidi wowote. Tofauti ndogo kati ya 24.90 na 25.10 ndiyo inayoonyesha kwamba mkono wa mtu ulifanya kazi na jicho lake lilisoma.

Sehemu ya ripoti inayoeleza makosa nayo isiishie kwenye “makosa ya kibinadamu”. Itaje chanzo na upande kinakovuta jibu. Kiputo cha hewa kilichonaswa chini ya koki kikitoka katikati ya kipimo, bureti itaonyesha asidi nyingi kuliko iliyodondoka, na ukolezi utaonekana mdogo. Bureti iliyosuuzwa kwa maji pekee huizimua asidi, na jibu huvutwa upande huo huo.

Mwaka 2017 nchi nzima iliuona uzito wa jambo hili. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilipima makinikia, yaani mchanga wenye madini, yaliyozuiliwa Dar es Salaam, ikatoa kiwango cha dhahabu kikubwa mara kadhaa kuliko kilichotangazwa na mchimbaji. Mchimbaji huyo, kampuni ya Acacia, akakikataa. Katika mzozo wa namna hiyo, maswali ya msingi ni yale yale ya kidato cha nne: sampuli ilichukuliwaje, ilipimwa mara ngapi, na namba ghafi ziko wapi?

Agizo la aliyekuwa Rais, Jakaya Kikwete, la kila sekondari ya kata kuwa na maabara tatu liliwaamsha wananchi kufyatua matofali na kuchangishana. Jengo lililogharimu jasho hilo linastahili ripoti za kweli. Kwa hiyo mwalimu na akague jedwali kabla ya jibu, na ampe alama mwanafunzi aliyeandika alichokisoma, hata kama jibu lake halikufika 0.100. Huyo ndiye tutakayemwamini siku atakapopima nikeli ya Kabanga.