Dai la Kufichwa: Riwaya ya N'Sondé na Ushahidi wa Nyaraka

Riwaya ya kihistoria ina haki ya kubuni, na hilo halina mjadala. Mjadala huanza pale msomaji anapofunga kitabu na kuondoka na yaliyobuniwa kana kwamba ni ushahidi. Mjini Lubumbashi suala hili si la nadharia tupu. Mwanafunzi asiyeweza kuzifikia nyaraka za karne ya 17 huweza kuifikia riwaya, nayo riwaya huingia katika tasnifu yake ikiwa imevaa joho la historia.

Riwaya ya Wilfried N'Sondé, mzaliwa wa Brazzaville, iitwayo Un océan, deux mers, trois continents (2018), yafaa kupimwa kwa jicho hili. Msimulizi wake ni Nsaku Ne Vunda, aliyebatizwa António Manuel, mjumbe wa Mfalme Álvaro II wa Kongo kwa Papa. Mtu huyo aliishi kweli. Aliondoka Kongo mwaka 1604, akafika Roma mwanzoni mwa Januari 1608 akiwa mgonjwa, akatembelewa kitandani na Papa Paulo V, akafa mkesha wa Epifania. Alizikwa katika basilika la Santa Maria Maggiore, na sanamu yake ingali humo. Uamuzi wa N'Sondé wa kuipa sanamu hiyo sauti ndio ufundi mkubwa wa kitabu: jiwe lililotazamwa kwa miaka 400 sasa linatazama.

Lakini riwaya inampa mjumbe huyu kazi ya kumsihi Papa juu ya biashara ya watumwa. Hapo ndipo mhakiki anapaswa kusita. Nyaraka zinazojulikana za ujumbe ule zinahusu zaidi siasa ya Kanisa na ya ufalme: Álvaro alitaka uhusiano wa moja kwa moja na Roma, bila kupitia mikono ya Wareno, hasa baada ya jimbo la kiaskofu la São Salvador kuundwa mwaka 1596. Kilio dhidi ya utumwa kilifika Roma kweli, ila kwa kinywa cha mtu mwingine. Mwaka 1684 Lourenço da Silva Mendonça, wa ukoo wa kifalme wa Ndongo, alipeleka mashtaka yake Vatikani, na mwaka 1686 Ofisi Takatifu ikatoa hukumu ya kulaani matendo mengi ya wafanyabiashara hao. Richard Gray aliandika juu yake mwaka 1987, na José Lingna Nafafé akamtolea kitabu kizima mwaka 2022. Yaani riwaya imemvika Ne Vunda kanzu ya Mendonça. Kisanaa kanzu inamkaa vizuri. Kihistoria imewahi kwa miaka 76.

Dai la pili ni la wasomaji zaidi kuliko la mwandishi: kwamba Kanisa lilimficha Ne Vunda. Dai hili ni jepesi kupimika, ingawa ni nadra kupimwa. Mwenye kuficha hachongeshi sanamu katika basilika lililo wazi kwa mahujaji. Tena, hati nyingi za Kongo zilizomo Roma zilichapishwa Brussels mwaka 1954 na Jean Cuvelier, ambaye mwenyewe alikuwa askofu, pamoja na Louis Jadin. Kilichomfanya Ne Vunda asijulikane Lubumbashi ni lugha za hati hizo, bei ya vitabu, na mitaala ya shule za kikoloni. Huko ni kupuuzwa, nako kuna wahusika wake. Lakini kupuuza na kupiga marufuku ni vitendo viwili. Marufuku huacha amri, tarehe na sahihi.

Atafutaye marufuku ya namna hiyo hahitaji kwenda mbali. Simon Kimbangu alihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi mjini Thysville tarehe 3 Oktoba 1921. Hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na kifungo hicho akakitumikia hapa hapa, Élisabethville, hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Ibada za wafuasi wake hazikuruhusiwa rasmi hadi Desemba 1959. Mwaka 1972, chini ya Mobutu, majina ya Kikristo yalikatazwa na gazeti la Kikatoliki Afrique chrétienne likafungiwa. Safari hii Kanisa ndilo lililozibwa mdomo, jambo ambalo wapenzi wa hadithi za siri za Vatikani hulisahau upesi mno.

Hata hivyo, udhibiti uliothibitishwa hauthibitishi kila kinachosemwa juu yake. Idadi ya familia 37,000 zilizohamishwa kwa nguvu kwa sababu ya imani ya Kimbangu imerudiwa vitabuni miaka mingi, na watafiti wameitilia shaka nzito. Uhamisho wenyewe hauna shaka; idadi ndiyo isiyosimama. Msomaji anayemkagua N'Sondé kwa ukali na kuiacha tarakimu hii ipite kwa sababu ni ya kwetu hajafanya uhakiki bado. Amechagua upande tu. Nayo riwaya, ikilinganishwa na tarakimu hiyo, ina unyofu fulani: jaladani pameandikwa kwamba ni riwaya.